Walisema Nilifunga Mvua

Mkonze, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Sechelela,

Umekwenda kuwaaga shangazi zako, na kwa jinsi wanavyopenda kukulisha najua hutarudi kabla ya ng'ombe kuingia zizini. Nimepindua kinu, nimeweka karatasi juu yake, nimekaa mlangoni penye mwanga. Kuku wananichungulia wakidhani ni chakula.

Sitakuandikia habari za kufunga sanduku, wala za kushika tiketi mkononi, wala za kutokula vitu vinavyouzwa dirishani kwenye stesheni. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kuyasema wewe kabla yangu. Nina jambo jingine.

Asubuhi ya leo baba yako mkubwa alikuja tena, ulimwona. Alisema binti hapelekwi pwani kwenda kufunga vidonda vya watu asiowajua, na kwamba likitokea lolote ukoo mzima utaniuliza mimi. Nikamwambia, "Shemeji, waje waniulize. Nyumba wanaijua." Akamaliza togwa yake, akainuka. Alipofika penye ua aligeuka akasema, "Wewe tangu mambo yale ya mvua hukanyiki." Ulikuwa karibu, ukasikia. Ukaniuliza, "Mambo gani ya mvua, mama?" Nami nikakutuma chumvi.

Chumvi ilikuwepo. Nilikutuma kwa sababu niliogopa, na mimi sipendi kuogopa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Ndiyo maana naandika. Ndani ya treni ile watakuwemo watu wa huku, na mmoja wao atakuambia. Afadhali uyasikie kwangu, tena yote, pamoja na yale ambayo wao wameyasahau kwa kuwa hayawapendezi, na yale ambayo mimi nimeyaficha kwa kuwa hayanipendezi.

Ulipokuwa na miaka minne nilianguka kutoka juu ya tembe. Nilikuwa nimepanda darini kuanua uwele, udongo wa ukingoni ukakatika, nikaangukia mgongo. Baba yako alinipeleka hospitali ya misheni kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nilikaa kule miezi miwili. Muuguzi mmoja, mama wa Kizungu mwenye Kiswahili cha kuokoteza, ndiye aliyenifundisha mazoezi unayoyajua: kuinua mikono yote miwili polepole mpaka juu, kuishusha, kuinama, kujinyoosha, kusimama kwa mguu mmoja. Aliniambia, "Kila asubuhi. Ukiacha, mgongo utakuwa mti." Hakuwa na maneno mengi, lakini hayo yalinitosha.

Basi nikarudi nyumbani nikaanza. Jua likichomoza tu, natoka uani, nalielekea ili linipashe mgongo, maana baridi ya hapa mwezi wa saba unaijua. Mwanzoni sikuweza kuinama peke yangu. Aliyenisaidia ni jirani yetu, mjane aliyeitwa Mbeleje, aliyekaa tembe ile ya pili upande wa majabali, pale ambapo leo pamebaki kuta tu. Alikuwa anakuja kabla hajachota maji. Anaweka kiganja chake kiunoni kwangu, anasukuma taratibu, anasema, "Haya, bado kidogo, usinililie." Hakuzaa. Wewe ulimwita mama mdogo, na siku nyingi ulikula kwake kuliko kwangu.

Mbeleje alikuwa mtu wa wanyama. Si kufuga tu, alikuwa anawaangalia. Kwenye kichuguu cha nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na nguchiro, ukoo mzima, na yeye aliwajua mmoja mmoja. Asubuhi walitoka, wakasimama kwa miguu ya nyuma kuota jua, wakatutazama. Ukutani kulikuwa na mjusi dume mwenye kichwa chekundu, naye kila alipoona jua aliinua kifua na kukishusha, akainua na kukishusha. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema, "Mama, na yeye kaanguka darini?" Mbeleje alilirudia swali lako kwa kila mtu kisimani. Na juu ya ghala lake kulikuwa na bundi wawili. Watu walimwambia awafukuze. Alijibu kwamba wanakula panya na hawamwombi chakula, kwa hiyo ni wageni wazuri kuliko wengi.

Mwaka uliofuata wote tuliishi hivyo. Halafu ukaja mwaka wa ukame.

Tulipanda, uwele ukaota kiasi cha kidole, ukafa. Mawingu yalikuwa yanakuja upande wa mawio, yanasimama, yanaondoka. Watu wenye njaa wanatazama sana, mwanangu. Wanatazama mbingu, na wakichoka kutazama mbingu wanatazamana. Mtu mmoja aliyepita njiani alfajiri aliniona nimesimama uani, nimeelekea mawio, nainua mikono na kuishusha. Akaenda kusema kwamba nasukuma mawingu. Kufikia jioni Mkonze nzima ilikuwa inajua kwamba mvua imefungwa, na aliyeifunga ni mimi.

Jumbe wetu wa wakati ule aliniita barazani, penye zizi la mnada wa ng'ombe. Watu walijaa. Baba yako hakuwepo, alikuwa na genge la reli, akirudi Jumamosi kwa Jumamosi. Nilisimama peke yangu.

Jumbe akauliza, "Alfajiri unafanya nini uani kwako?"

Nikasema, "Nauguza mgongo."

"Mgongo unauguzwa kwa kuita jua?"

Watu wakanguruma. Mzee mmoja nyuma yangu akasema nipigwe niseme ukweli. Nilikuwa na jibu, Sechelela. Ningesema nilifundishwa hospitalini, waende wakaulize, ni mwendo wa siku moja. Sikusema hivyo. Nilisema, "Aliyenionyesha ni Mbeleje. Yeye ndiye anayekuja kunisimamisha kila asubuhi. Na bundi wanalala kwake, hawalali kwangu."

Umesoma? Soma tena. Hayo ni maneno ya mama yako.

Sikusukumwa kuyasema. Hakuna aliyekuwa amemtaja Mbeleje. Nililitafuta jina la mtu asiye na mume, asiye na mtoto, asiye na ndugu wa karibu, nikalitupa mbele yao kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa ili apite. Na nilipita. Walinisahau pale pale.

Walikwenda kwake mchana ule. Walivunja ghala lake, wakawaua bundi kwa mawe. Kisha wakaja nyuma ya nyumba yetu kuchimba kichuguu, kwa kuwa ilisemekana nguchiro ndio anaowatuma. Jembe walilochimbia lilikuwa letu. Niliwapa mimi kwa mkono wangu, nikasimama mlangoni nikisikia marungu yanavyotua. Mbeleje aliambiwa jua la kesho lisimkute Mkonze.

Alipita mbele ya ua wetu na mzigo kichwani. Hakunilaani, hakunitukana. Alinitazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Wewe ulikimbia kumfuata, nikakushika mkono, nikakuvuta kwa nguvu mpaka ukalia. Usiku ule na siku nyingi baadaye uliuliza, "Mama mdogo amekwenda wapi?" Nikakujibu amekwenda kumwona kaka yake. Hakuwa na kaka. Ulikuwa na miaka sita, ukaniamini.

Baada ya hapo niliacha mazoezi. Nilijiambia nayaacha kwa ajili yako na baba yako, ili tuishi na watu. Maneno ya namna hiyo ni mazuri mdomoni. Muuguzi alikuwa amesema kweli: mgongo ukawa mti. Mwezi wa nne sikuweza kuinua mtungi. Ukawa unachota wewe, kwa kibuyu, safari nne asubuhi, na unarudi nguo imelowa yote. Panya waliingia ghalani kwa kuwa hapakuwa na bundi wala nguchiro wa kuwala, na nyuma ya panya wakaja nyoka. Yule mbwa wetu wa kijivu aliumwa na swila pale pale mlangoni, akafa. Na mvua? Mwaka uliofuata mikono yangu ilikuwa chini wakati wote, Mbeleje hakuwepo, bundi hawakuwepo. Mvua haikunyesha vilevile.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nautazama mtama uliokauka, nilipolielewa jambo hilo. Sikulia. Nilikasirika. Nilijikasirikia mimi kwanza, kisha jumbe, kisha wote waliobeba mawe. Hasira ile sijaitubu mpaka leo, na kasisi anajua.

Nikaulizia. Dereva wa lori la Mhindi mmoja mwenye duka la nafaka mjini aliniambia amemwona mwanamke wa kwetu huko Kolo, njia ya Kondoa, anaishi kwa Warangi. Nikamwambia baba yako nakwenda. Akauliza kufanya nini. Nikamweleza yote, kwani naye nilikuwa nimemdanganya. Akasema, "Nenda. Mtoto nitakaa naye mimi." Akaacha kazi siku nne, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa msiba.

Nilipanda lori juu ya magunia. Kila shimo la barabara lilinipiga mgongoni, nami nikasema moyoni, piga. Kolo nilimkuta Mbeleje nyuma ya kibanda kidogo anapepeta ulezi. Pembeni yake kulikuwa na kanga wa porini wanne wanaokota punje, wala hawakuruka nilipokaribia. Alinisalimu kwa Kigogo, kwa heshima, kama anavyosalimiwa mgeni: "Mbukwenyi." Hilo liliniuma kuliko matusi.

Nikapiga magoti, kwa shida, mgongo haukunjiki. Nikasema, "Mbeleje, niliyasema mimi. Nilisema uongo."

Akaendelea kupepeta. "Najua. Masikio nilikuwa nayo."

"Nimekuja kukuomba msamaha. Urudi nyumbani."

"Sirudi," akasema. "Hapa kuna maji, na watu wa hapa hawajui habari zangu." Kisha akaweka ungo chini, akanitazama jinsi nilivyopiga magoti, upande mmoja juu, upande mmoja chini. "Mgongo wako una nini? Yale mazoezi hufanyi?"

Nikasema, "Niliacha."

"Uliacha lini?"

"Siku ile ile."

Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Basi ulinifukuza bure."

Mwanangu, nimeambiwa mengi maishani. Nimetukanwa kisimani, nimeombewa kanisani kwa jina mbele ya watu. Hakuna neno lililoniingia kama hilo. Nilikuwa nimemuuza mtu ili nibaki na kitu, na kile kitu nacho nikakitupa.

Alinipa uji, akanionyesha pa kulala, asubuhi akanisindikiza barabarani. Hakusema amenisamehe. Sikumwomba tena.

Niliporudi nilimwambia baba yako aondoe ile miiba ya ua upande wa njia, ili anayepita aone uani mpaka ukutani. Hakuuliza kwa nini. Alichukua panga akaiondoa yote kabla ya jua kukaa sawa. Kesho yake jua lilipochomoza nilitoka, nikainua mikono.

Ilifika usawa wa mabega tu. Niliumia mpaka machozi yakanitoka, lakini niliiacha pale juu. Wanawake waliokuwa wanakwenda kisimani wakasimama. Nikawasalimu kwa majina. Mmoja aliitikia, wengine wakapita mbio. Wewe ulitoka ndani na usingizi wako, ukanitazama, ukaja ukasimama pembeni yangu, ukainua ya kwako. Nilitaka kukurudisha. Nikaona nikikurudisha nitakuwa nimekufundisha kitu kibaya.

Siku ya tatu jumbe alikuja mwenyewe na watu wawili. Akasimama pale penye ua usiokuwepo.

"Shusha mikono," akasema.

"Ngoja nimalize."

Akangoja, Sechelela. Sijui alishikwa na nini, lakini alingoja. Nikainama, nikajinyoosha, nikasimama kwa mguu mmoja kadiri nilivyoweza. Nilipomaliza nikafuta uso, nikasema, "Shikamoo, jumbe."

"Marahaba. Unajua kilichonileta."

"Najua. Niite barazani. Nina maneno, nayataka yasikiwe na wote waliosikia yale ya kwanza."

Aliniita siku ya mnada, labda akidhani wingi wa watu utanitisha. Safari hii baba yako alisimama upande wangu, na wewe ulikuwa mgongoni kwake. Nikasema nilimsingizia Mbeleje. Nikasema nani alinifundisha, na wapi. Nikasema, "Mwaka nilipoinua mikono mvua haikunyesha. Mwaka nilipoishusha haikunyesha. Mvua hainijui mimi. Lakini Mbeleje ananijua, na anawajua ninyi, mmoja mmoja, kila aliyeshika jiwe."

Mzee yule yule akapiga kelele kwamba nipelekwe boma nikafungwe. Nikamgeukia jumbe. "Nipeleke. Twende sote. Nitamweleza Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, kwamba jumbe wake alimwita mjane mchawi na kumvunjia ghala. Wewe unajua kuliko mimi sheria yao inasemaje juu ya hilo."

Aliijua. Alitazama fimbo yake, akatazama ng'ombe. Akasema shauri limekwisha, watu wakauze mifugo yao.

Sikushinda kama unavyofikiri. Msimu mzima nilikuwa wa mwisho kuteka maji, hata nikifika wa kwanza. Baba yako mkubwa aliwatoa ng'ombe wake zizini kwetu na mpaka leo hajawarudisha. Watoto walikataa kucheza nawe, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwa kuwa hukuwa umemkosea mtu. Mwaka uliofuata mvua ilinyesha vizuri, mtama ukawa juu ya kichwa cha mtu, na hakuna aliyekuja kunishukuru. Sikuwangoja. Nilikuwa uani, naendelea.

Unamkumbuka yule mgeni wa Kondoa, ulipokuwa na miaka kumi na miwili, aliyekaa kwetu siku tatu na kukufundisha kuwaita kanga kwa ulimi? Ndiye Mbeleje. Hukumtambua, naye aliniomba nisiseme. Alikwenda kuziona kuta zake peke yake. Asubuhi ya mwisho nilipotoka uani nilimsikia nyuma yangu. Akaweka kiganja kiunoni kwangu, akasukuma taratibu. Saa mbili lori likamchukua.

Sijui kama ule ulikuwa msamaha. Nimeamua kutoupa jina lolote.

Basi sasa unajua. Unakwenda mahali utakapoambiwa na wengi namna ya kusimama na namna ya kunyamaza. Watakuwepo wakubwa wa kazi, watakuwepo Wazungu, watakuwepo wasichana waliozaliwa mjini watakaocheka Kiswahili chetu cha huku. Mengine utayatii, maana kazi ni kazi. Lakini itakuja siku utasimamishwa mbele ya watu, uulizwe jambo, na utaona wazi jina la mtu mnyonge unaloweza kulitaja ukapona. Mimi nilitaja. Sina uso wa kukuamuru usitaje. Nakuambia tu kwamba kupona kwenyewe hakukudumu hata mwaka, na kwamba siku niliyokataa kushusha mikono niliumia mwili mzima na nikalala usingizi mzuri.

Wala usiniombee kwa aibu. Mimi si mwanamke mwema aliyeonewa; nilimwonea mtu, kisha nikakataa kuonewa. Vyote viwili ni vyangu, na vyote viwili unavichukua kesho pamoja na sanduku.

Mtu wa huku akikusogelea ndani ya behewa, akakutazama, akauliza kama wewe ndiye binti wa yule mwanamke wa Mkonze aliyefunga mvua, usigeukie dirishani. Mjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kiti cha mwisho: "Ndiyo. Ni mama yangu."

Nami hapa nitaitika.

Mama yako